Rousseau: Jamaa asiye na cheti aliyesema nchi ni ya raia

Jean-Jacques Rousseau hakuwahi kusoma chuo kikuu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku hizi vitabu vyake vinafundishwa na maprofesa, na ukivikuta darasani unaweza kudhani mwenyewe alizaliwa akiwa amevaa joho.

Alizaliwa Geneva mwaka wa 1712. Mamake aliaga siku chache baadaye. Babake, fundi wa saa, alikuwa akikesha naye wakisoma riwaya na habari za mashujaa wa Ugiriki na Roma, hadi mzee akagombana na mtu mkubwa na kuhepa mji. Kijana akapelekwa kujifunza kazi ya kuchonga maandishi kwenye vyuma, kwa bosi mwenye mkono mwepesi wa kuchapa. Jumapili moja mwaka wa 1728 alitoka kutembea nje ya mji, akarudi na kupata malango yamefungwa. Yalikuwa yamemfungia mara mbili awali. Safari hii hakungoja kipigo cha asubuhi. Akala kona, hata miaka 16 hajafikisha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubangaiza tu. Alitumikia nyumba za matajiri, akafundisha muziki kabla hajaujua vizuri, na kule Paris akawa ananakili muziki kwa mkono, malipo kwa kila ukurasa. Mwaka wa 1752 mfalme Louis wa 15 alipenda opera yake, akaitwa kesho yake aende kumwona, labda apewe pensheni. Hakutokea. Mimi ningeenda, tuseme ukweli.

Kisha 1762 akatoa Mkataba wa Kijamii. Kumbuka huo ni wakati ambapo mfalme wa Ufaransa alidai kiti chake amepewa na Mungu. Rousseau akasema mamlaka makuu ni ya wananchi wote kwa pamoja, na hayauzwi wala hayapeanwi. Serikali je? Hiyo ni kibarua tu. Wananchi wanatunga sheria, serikali inatumwa kuzitekeleza, na aliyeajiri anaweza kufuta. Wengine kama John Locke walikuwa wameshasema kwamba utawala halali unahitaji ridhaa ya watu, lakini huyu hakutaka mamlaka yatoke mkononi mwa raia hata kidogo. Wabunge hakuwaamini. Aliwacheka Waingereza kwamba wako huru siku ya kura pekee, wakishachagua wanarudi kuwa watumwa.

Moto ukawaka. Paris ikatoa amri akamatwe kwa sababu ya Émile, kitabu chake cha malezi kilichogusa dini. Geneva, mji wake mwenyewe, ikachoma vitabu vyote viwili. Mwaka wa 1765 nyumba yake kule Môtiers ilirushiwa mawe usiku. David Hume akamchukua hadi Uingereza, wakakosana vibaya.

Hakuwa malaika, bana. Watoto watano aliozaa na Thérèse Levasseur aliwapeleka wote kwenye nyumba ya watoto waliotupwa, halafu akaandika kitabu cha malezi! Na alipotaja raia alimaanisha wanaume. Kuna pia shimo kwenye hoja yake: nani anajua nia ya wananchi wote ni ipi? Robespierre alijiona anaijua, na vichwa vikakatwa.

Rousseau hakuyaona hayo. Alifariki Ermenonville mwaka wa 1778. Azimio la Haki la Ufaransa la 1789 lilitamka kwamba mamlaka chimbuko lake ni taifa, na sheria ni nia ya wote. Mwaka wa 1794 mifupa yake ikahamishiwa Panthéon, karibu na Voltaire, adui yake.

Ibara ya 1 ya Katiba yetu ya 2010 inasema mamlaka yote makuu ni ya watu wa Kenya. Hapo Rousseau angetikisa kichwa kukubali. Halafu angesoma sehemu inayofuata, kwamba watu wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua, na hapo kwa wawakilishi ugomvi ungeanza.