Makhan Singh, Mtetezi wa Wafanyakazi wa Nairobi

Kigali ilianzishwa mwaka 1907, lakini reli haikuifikia, na Rwanda ilipojipatia uhuru mwaka 1962 ulikuwa bado mji mdogo. Nairobi ilipewa bahati nyingine, kama bahati ndilo neno lifaalo. Reli ilifika huko mwaka 1899, zikafuata karakana na viwanda, na vibarua wakasongamana katika vyumba vya Pumwani. Ujira ulipimwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa.

Ndiyo Nairobi aliyoikuta Makhan Singh mwaka 1927, akiwa kijana wa miaka 13 kutoka Punjab. Baba yake alikuwa seremala, na baadaye akafungua kiwanda cha uchapaji ambamo kijana huyo alifanya kazi.

Mwaka 1935 alishika ukatibu wa chama cha wafanyakazi kilichokuwa cha Wahindi watupu. Mara akakifungua kwa watu wa rangi zote. Hapo ndipo palipo uzito wa maisha yake, kwani mwajiri mwenye mafungu matatu ya wafanyakazi hana haja ya kuyapiga, yatapigana yenyewe. Mwaka 1937 chama kiligoma kwa muda wa miezi miwili hivi, na waajiri wakakubali kuongeza ujira.

Wakati wa vita alitiwa kizuizini India, akarejea Kenya mwaka 1947. Tarehe 1 Mei, 1949, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Serikali ikakataa kuliandikisha. Mwezi Aprili, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai hadharani uhuru kamili. Tarehe 15 Mei wote wawili walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, ikidai viongozi wake waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi.

Alizuiliwa kwa zaidi ya miaka 11 huko Lokitaung, Maralal na Dol Dol. Akiwa huko, mwaka 1954, kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza mshahara wa kumtosha mfanyakazi pamoja na mkewe na watoto, badala ya ule wa kapera uliozoeleka.

Aliachiliwa Oktoba, 1961. Kenya huru haikumpa cheo chochote. Alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyochapishwa mwaka 1969, na akafariki Nairobi mwezi Mei, 1973.