Fumo Liyongo na Mkate wa Wishwa

Likitajwa jina la Fumo Liyongo, wengi hukumbuka upinde wake, kimo chake, na zile nguvu zilizomkosesha usingizi mfalme wa Pate. Sisi washairi humkumbuka kwa tumbuizo na kwa ngoma ya gungu. Wanaokumbuka jikoni ni wachache. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuyapitie maisha ya shujaa huyu kwa kuingilia mlango wa jikoni, maana kila nikiyatazama naona kwamba makubwa yaliyomfika yalipitia katika vyakula vidogo: matunda ya porini, mkate wa wishwa na maji ya kisima.

Walionitia hamu ya kuandika haya ni watu wa Nyamarambe, mji mdogo wa Mugirango Kusini huko Kisii, ambako nilitakiwa nimsimulie Liyongo mbele ya chakula. Habari yao itakuja mahali pake. Kwanza na tumjue mwenyewe.

MTU ALIYETEMBEA NA JIKO LAKE

Fumo ni cheo cha wakuu wa zamani katika pwani ya kaskazini. Liyongo alikuwa mtu wa nchi ile iliyo baina ya kisiwa cha Pate na mlango wa Mto Tana, kwenye miji ya Ozi na Shaka. Wataalamu wamegawanyika kuhusu zama zake. Wako wanaomrudisha nyuma miaka mia nane, na wako wanaomleta karibu na miaka ya 1600. Lakini habari zake hazikupotea. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekaa Unguja, alizichapisha katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, alizitunga kwa utendi, na utendi huo ndio ninaoufuata hapa.

Twaambiwa kwamba siku moja Wagala, ndio Waoromo wa leo, walikuja Pate kufanya biashara ya vyakula. Mfalme akawasifia Liyongo, nao wakatamani kumwona kwa macho yao. Akaitwa kutoka bara. Njia ya siku kadhaa akaikata kwa siku moja, na alipofika akapiga panda kwa kishindo hata wageni wakashtuka.

Kisha akautua mkoba wake. Ndani yake mkatoka kinu na mchi, mkatoka jiwe la kusagia, mkatoka vyungu, na vyungu vyenyewe si vidogo, na mwisho yakatoka mafiga matatu! Wasimulizi hulitaja jambo hili kutuonyesha nguvu zake, nami sipingani nao. Lakini mimi huona na jingine. Mtu huyu hakuwa na haja ya kungojea karamu ya mtu. Apatapo nafaka atatwanga, atasaga, atainjika na atakula, iwe msituni au mjini. Mwenye mafiga yake begani hababaishwi na meza ya mfalme.

Wagala walimpenda hata wakataka wapate mbegu yake. Wakamwoza binti yao, naye akazaa mtoto wa kiume. Mtoto huyo tutakutana naye tena.

KIKOA CHA MAKOMA

Sifa zilipozidi, mfalme aliingiwa na hofu kwamba Liyongo atauchukua ufalme. Liyongo akahisi, akahamia bara, akakaa msituni pamoja na Wasanye na Wadahalo. Mfalme akawapelekea watu hao ahadi ya fedha ili wamuue. Kumkabili ana kwa ana hawakuthubutu. Wakatafuta hila, na hila waliyoipata ilikuwa ya chakula.

Kwa wasomaji wa bara nieleze kwanza kikoa ni nini. Watu huungana wakala pamoja. Leo hutoa huyu, kesho yule, mpaka zamu iwazungukie wote. Ni desturi njema, nayo hushibisha wengi kwa gharama ndogo. Wale wenzake Liyongo walishauri kikoa cha makoma. Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi na mvumo, na matunda yake yana ganda la nyuzinyuzi lenye utamu. Watoto wa pwani huyatafuna tangu asubuhi bila kuulizwa na mtu. Hayapikwi wala hayahitaji sahani. Masharti ya kikoa yalikuwa kwamba kila mmoja apande mti kwa zamu yake awaangushie wenzake. Azma yao ilikuwa zamu ya Liyongo ifike, apande juu, nao walio chini wammiminie mishale.

Zamu ikafika. Liyongo akawataka waseme ni kole lipi walipendalo. Wakamwonyesha lililo juu kabisa. Naye badala ya kupanda akautwaa upinde wake, akavuta, na makoma yakaanguka chini. Wenzake wakatazamana. Wakala makoma, kwani wangefanyaje, kisha wakampelekea mfalme habari kwamba kazi ile imewashinda.

Kisa hiki kinanizuia nisiseme kwamba chakula cha kimaskini ni salama kwa kuwa ni cha kimaskini. Koma halina hatia, lakini hata koma laweza kufanywa mtego. Hatari ilikuwa katika nyoyo za waliokizunguka chakula. Mtu akila na wenzake na aangalie nyuso kabla ya kuangalia sahani.

WALINZI WALIOCHAGUA KIZURI

Hatimaye Liyongo alinaswa Pate, akafungwa pingu na minyororo, akatiwa gerezani akawekewa walinzi. Kila siku mama yake alimpikia chakula kizuri, na kijakazi aitwaye Saada akakipeleka. Na kila siku walinzi walikipokonya wakala wao, wakamwachia mfungwa makombo.

Mfalme alipokwisha kuamua kumuua, alimpa ruhusa ya kutaja alitakalo kabla ya kufa. Liyongo akataka ngoma, gungu na mwao. Na Saada alipokuja, akampa kwa njia ya wimbo ujumbe wa kumpelekea mama. Mama afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa.

Wishwa ni yale makapi yanayobaki ungoni baada ya nafaka kutwangwa na kupepetwa. Huwa ni ya kuku. Mama akafanya kama alivyoagizwa. Pamoja na mkate huo akapika na vyakula vizuri vya kuwashughulisha walinzi. Saada akafika mlangoni. Walinzi wakavinyakua vizuri, wakautazama ule mkate, wakaucheka, wakamruhusu ampelekee mfungwa wake. Ni nani angepigania wishwa?

Usiku ngoma ikakolea nje. Kwa sauti za pembe, matoazi na vigelegele hakuna aliyesikia tupa ikikereza chuma. Pingu zilipokatika, Liyongo akatoka. Waliokuja kucheza wakatawanyika, naye akarudi msituni.

Basi ukiniuliza Liyongo aliokolewa na nini, sitakujibu kwamba ni nguvu. Nguvu alikuwa nazo siku zote alizokaa amefungwa. Aliokolewa na dharau ya walinzi. Laiti mmoja wao angeumega mkate ule kipande kimoja tu, kwa kutaka kujua ladha yake, Pate ingekuwa na historia nyingine. Wahenga walitukataza kudharau kiselema, maana chalima kikapita jembe zima.

NYAMARAMBE NA SAHANI YA MGENI

Hapa ndipo nilipotaka kuwaleta Nyamarambe. Mwenyeji wangu huko ni mwalimu, na shuleni kwake wanafunzi humsoma Liyongo katika fasihi simulizi, pamoja na mashujaa wengine wa Kenya. Alinialika nyumbani kwao, nikampata mama yake mzee jikoni. Mwalimu alimwita baba, nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo baba. Kumbe kwa Kigusii neno baba ni mama, na baba mzazi huitwa tata.

Juu ya mafiga palikuwa na sufuria ya viazi vitamu, na kando yake njugu za kuchemshwa na maganda yake. Mkungu wa ndizi mbivu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mara nikaona mjukuu anatumwa mbio dukani, na kwa mkopo, akalete mkate mweupe na soda kwa ajili ya mgeni wa pwani. Mama yule alikuwa ameona haya. Alidhani mtu wa mjini hawezi kukalishwa mbele ya viazi.

Nikamwomba mwalimu amrudishe mtoto. Nikasogeza kigoda, nikamenya kiazi cha moto, nikakifuatishia njugu na ndizi, na chai ya maziwa ya Kisii ambayo haiogopi majani. Jioni tukala obokima bwa wimbi, ndio ugali wa wimbi, uliopakuliwa katika ekee, kikapu kilichosukwa kwa kazi hiyo. Mboga ilikuwa chinsaga, ambayo sisi huiita mgagani. Uchungu wake ulikuwa umetulizwa kwa maziwa, na moto ulikuwa umeachiwa uifanye kazi yake taratibu. Tulikula kwa mkono, kwa mazungumzo, bila mtu kuhesabu tonge.

Ndipo mwalimu aliponitaka nimsimulie Liyongo, naye akamfasiria mama yake. Kwenye mkate wa wishwa mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema walinzi wale ni watu waliokwisha kushiba mpaka wakasahau chakula. Kisha akamuuliza mwanawe habari za Saada, maana kwa maoni yake kazi yote ilifanywa na wanawake wawili, mmoja wa kukanda na mmoja wa kubeba, na shujaa hakufanya ila kula na kukereza. Nilinyamaza. Watunzi wetu wamemsifu Liyongo kwa mamia ya beti, na Saada wakamwacha mlangoni mwa gereza na sinia yake.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri juu ya haya aliyoona mama yule. Si ya Nyamarambe peke yake. Kwetu Mombasa utamwona mtu anaficha mhogo wa kuchemsha asije akaonekana na jirani, na ule mkate wa mofa wa mtama, uliolea mababu zetu, sasa hutafutwa kama dawa. Kile kilicho mezani kwa wakubwa tumekiita chakula, na kilicho chunguni mwetu tumekiita shida. Tunakopa ili tule ya wengine, na yetu yanaozea shambani. Wakati huo huo waganga wa hospitali wanatuambia turudi kwenye makapi. Nafaka ikikobolewa ikawa nyeupe, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini huondoka na ganda. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mahindi, mchele na ngano. Yaani walinzi wanaendelea kunyakua kizuri, na tupa ingali ndani ya wishwa.

Simwambii mtu asile mkate mweupe. Mimi mwenyewe mahamri kwa mbaazi asubuhi hayanipiti, na unga wake si wa wishwa. Chuoni tulifundishwa mapema kwamba chakula hakitiwi ila. Ukikipenda kula, usipokipenda kiache kwa heshima. Adabu hiyo ina raha ndani yake. Anayeifuata hufurahia biriani ya harusi, na kesho yake akafurahia muhindi wa kuchoma kando ya barabara, bila kujiona amepanda wala ameshuka.

MAJI YA KISIMA

Turudi kwa Liyongo, maana maisha yake hayakuishia kwenye mkate. Mfalme, aliposhindwa na mishale na minyororo, alimtumia mwanawe mwenyewe, yule aliyezaliwa na binti wa Kigala. Akamwahidi cheo na mke, mradi ajue ni kitu gani kiwezacho kumuua baba yake. Liyongo alimshuku mwanawe, lakini alimweleza kwamba silaha ya chuma haimdhuru, na kinachomuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana akaletewa sindano. Akamvizia baba yake amelala, akamchoma, akakimbia.

Liyongo aliamka na uchungu wake, akashika upinde na mishale, akaenda mpaka karibu na kisima cha mji. Akapiga goti, akavuta upinde, na roho ikamtoka akiwa vivyo hivyo. Watu waliokuja kuteka maji walimwona wakadhani yu hai, wakarudi mbio. Siku zikapita hakuna aliyethubutu kusogea. Mji ukakaukiwa. Walimwendea mama yake ambembeleze, naye akamwimbia kwa majina mazuri, lakini mwana hakujibu. Alipoanguka ndipo walipotambua kwamba amekwisha kufa. Mtoto yule msaliti hakuonja utamu wa ahadi za mfalme. Na kaburi la shujaa watu huonyeshwa Kipini mpaka leo.

Mama aliyekanda wishwa kumwokoa mwanawe ndiye aliyeitwa kuuokoa mji uliomuua. Na karamu zote za mfalme katika jumba lake, siku zile hazikuweza kuwapa watu wa mji ule kikombe cha maji, kitu ambacho maskini hakuwahi kukihesabu kuwa ni mali.