Almé: Farasi wa Ufaransa aliyeuzwa kabla ya wanawe kujulikana

Katika mashindano ya farasi ya kuruka viunzi, medali huvalishwa mpandaji, lakini wafugaji humtazama farasi na kuuliza baba yake ni nani na mama yake ametoka ukoo upi. Kwa miongo kadhaa barani Ulaya, jibu la swali hilo limerejea mara nyingi kwenye jina moja: Almé, farasi dume wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1966 na kufa mwaka 1991.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuutenda. Mpandaji humwongoza farasi kuvuka vizuizi vya mbao ambavyo, katika ngazi ya juu, hufikia kimo cha mita 1.60. Kila mti unaoangushwa huadhibiwa kwa pointi nne. Farasi anahitaji nguvu, wepesi na utulivu wa moyo, na sifa hizo kwa sehemu kubwa hurithiwa.

Almé alikuwa wa aina iitwayo Selle Français, iliyoundwa rasmi mwaka 1958 kwa kuunganisha koo za farasi wa mikoa mbalimbali ya Ufaransa. Baba yake, Ibrahim, alikuwa dume la mbegu lenye sifa kubwa katika eneo la Normandie. Mama yake, Girondine, alikuwa na damu ya farasi wa mbio kutoka kwa baba yake, Ultimate. Nchini Ufaransa, farasi waliozaliwa mwaka mmoja hupewa majina yanayoanza kwa herufi moja, na mwaka 1966 ilikuwa zamu ya A. Kwa desturi hiyo umri wa wanawe mashuhuri husomeka katika majina yao: Galoubet wa mwaka 1972, I Love You wa mwaka 1974 na Jalisco wa mwaka 1975.

Almé mwenyewe alishiriki mashindano ya kimataifa, ila hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wala wa Olimpiki. Ukuu wake ulikuwa katika uzazi, na ukuu wa namna hiyo huchelewa kuonekana. Farasi jike hubeba mimba kwa takriban miezi kumi na mmoja, mtoto huanza kuzoeshwa tandiko akiwa na miaka mitatu hivi, na hukomaa kwa mashindano makubwa anapokaribia miaka tisa au kumi. Mfugaji anayechagua dume leo hujua kama alichagua vyema baada ya mwongo mzima.

Ufaransa haikungoja muda huo. Katika miaka ya 1970, Almé alinunuliwa na Léon Melchior, mfanyabiashara wa Uholanzi aliyeanzisha shamba la farasi la Zangersheide huko Lanaken, Ubelgiji. Kama farasi wengine wa shamba hilo, aliongezewa herufi Z mwishoni mwa jina lake.

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, lakini safari hii majuto yaliletwa na wana. Mwaka 1982 mjini Dublin, Galoubet, ambaye mama yake alitoka katika ukoo wa farasi wa kukokota vigari vya mbio, alikuwa katika timu ya Ufaransa iliyotwaa ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata mjini Vienna, I Love You alishinda fainali ya Kombe la Dunia akiwa na Mmarekani Norman Dello Joio. Wote wawili walikuwa uzao ambao Almé aliuacha nyuma. Katikati ya miaka ya 1980 alirejeshwa Normandie, katika shamba la Brullemail, akiwa tayari mzee, na huko ndiko alikomalizia siku zake.

Kabla hajafa, mjukuu wake Quito de Baussy, mwana wa Jalisco, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa dunia mjini Stockholm mwaka 1990 chini ya Éric Navet. Mwaka mmoja baada ya kifo chake, katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992, damu yake ilikuwa katika timu mbili zilizosimama jukwaani. Ratina Z, farasi jike aliyezaliwa na binti yake Argentina Z, aliisaidia Uholanzi kupata dhahabu, huku Quito de Baussy na Quidam de Revel, wote wana wa Jalisco, wakiwa katika timu ya Ufaransa iliyopata shaba.

Mjukuu mwingine, Baloubet du Rouet, mwana wa Galoubet, alishinda Kombe la Dunia mara tatu mfululizo, 1998 hadi 2000, akiwa na Rodrigo Pessoa wa Brazil. Wawili hao walipewa pia dhahabu ya Olimpiki ya Athens ya 2004, baada ya mshindi wa awali kuondolewa.

Mwaka 2010 huko Kentucky, Marekani, ubingwa wa dunia ulikwenda kwa Vigo d'Arsouilles, mwana wa Nabab de Rêve, mjukuu wa Quidam de Revel, na hivyo kilembwe cha Almé. Aliyempanda, Philippe Le Jeune, ni raia wa Ubelgiji, nchi ile ile ambako Almé alipelekwa baada ya kuuzwa.