Chuck Cooper: Kijana wa Pittsburgh Aliyefungua Mlango wa Mpira wa Kikapu wa Kulipwa

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 25 Aprili, 1950, viongozi wa vilabu vya Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA) walikutana kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Katika raundi ya pili, klabu ya Boston Celtics ilitaja jina la Charles Henry Cooper, maarufu kama Chuck Cooper. Kwa uamuzi huo, Cooper akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa na klabu ya ligi hiyo. Hata hivyo, msingi wa siku hiyo ulikuwa umewekwa miaka mingi kabla: nyumbani kwao, shuleni, na zaidi katika chuo kikuu kilichokataa kumtoa sadaka ili mchezo uchezwe.

Cooper alizaliwa tarehe 29 Septemba, 1926 katika jiji la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, jiji lililosifika kwa viwanda vya chuma. Baba yake, Daniel, alikuwa mfanyakazi wa posta aliyesambaza barua, na mama yake, Emma, alikuwa mwalimu. Alisoma katika Shule ya Sekondari ya Westinghouse jijini humo na kuhitimu mwaka 1944. Katika msimu wake wa mwisho shuleni alifunga wastani wa zaidi ya pointi 13 kwa mchezo, akateuliwa kuwa mchezaji wa kati wa kikosi bora cha shule za jiji.

Baada ya sekondari alijiunga na Chuo cha West Virginia State, kilichoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi weusi katika enzi za ubaguzi. Hakukaa muda mrefu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa bado haijamalizika, na mwezi Julai, 1945 Cooper aliingia katika Jeshi la Majini la Marekani, akatumikia hadi Oktoba, 1946. Aliporejea uraiani alirudi katika jiji alilozaliwa na kujiunga na Chuo Kikuu cha Duquesne. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1878 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868.

Mtihani mkubwa ulimkuta akiwa bado mgeni chuoni. Tarehe 23 Desemba, 1946, siku mbili kabla ya Krismasi, timu ya Duquesne ilitarajiwa kucheza na Chuo Kikuu cha Tennessee katika mji wa McKeesport, jirani na Pittsburgh. Tennessee ni jimbo la Kusini, ambako wakati huo sheria na desturi ziliwatenga weusi na weupe katika shule, vyombo vya usafiri na viwanja vya michezo. Kocha wa wageni, John Mauer, alitaka ahadi kwamba Cooper hatashirikishwa katika mchezo, la sivyo timu yake isingeingia uwanjani.

Kocha wa Duquesne, Chick Davies, alijaribu kutafuta njia ya kati: Cooper angekaa benchi na kuingizwa tu iwapo angehitajika. Pendekezo hilo pia lilikataliwa. Duquesne nayo haikukubali kutoa ahadi ya kumtenga mchezaji wake, na mchezo haukuchezwa. Mashabiki waliokuwa wakingoja walirudi makwao bila kuona mpira ukirushwa.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana zaidi ukitazama hali ilivyokuwa. Cooper hakuwa nyota ambaye jina lake lingeingizia chuo mapato. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyevua sare za jeshi la nchi yake miezi miwili tu iliyopita. Ingekuwa rahisi kumwomba avumilie usiku mmoja tu. Lakini usiku mmoja ungekuwa kielelezo kwa timu nyingine zote ambazo zingekuja na sharti lilelile.

Cooper alilipa imani hiyo kwa kazi. Katika misimu minne alicheza katika kikosi cha kwanza, akafunga jumla ya pointi 990, ambazo wakati huo zilikuwa rekodi ya chuo. Katika kipindi hicho Duquesne ilishinda michezo 78 na kupoteza 19, na mara mbili ilialikwa kwenye Mashindano ya Kitaifa ya Mwaliko (NIT). Katika mwaka wake wa mwisho alikuwa nahodha na alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo nchini Marekani.

Alicheza mchezo wake wa kwanza wa NBA tarehe 1 Novemba, 1950, siku moja baada ya Earl Lloyd wa Washington Capitols kuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuingia uwanjani katika ligi hiyo. Ubaguzi haukwisha kwa kuvaa jezi ya Celtics. Mwaka 1952 alinyimwa chumba cha hoteli mjini Raleigh, North Carolina. Mwenzake, Bob Cousy, aliamua kuondoka naye kwa treni usiku huohuo.

Alipostaafu mchezo alirudi darasani, akapata Shahada ya Uzamili ya Ustawi wa Jamii katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1961, na baadaye akaongoza idara ya bustani na burudani ya jiji la Pittsburgh. Alifariki dunia tarehe 5 Februari, 1984 akiwa na umri wa miaka 57.

Mwaka 2019 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Mpira wa Kikapu, na tangu mwaka 2021 ukumbi wa michezo wa Duquesne unaitwa kwa jina lake. Chuo kilichokubali kupoteza mchezo mmoja kuliko kumtenga kijana wake leo kinacheza michezo yake ya nyumbani ya mpira wa kikapu chini ya jina la kijana huyo.