Koitalel na Mkutano wa Amani

Twamtaja leo Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani mkuu na mwaguzi wa Wanandi, jirani za Wakipsigis wa Kericho. Waingereza walipoingia nchini mwake na reli yao, aliwapinga kwa muda wa miaka mingi. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa mkutano wa amani, na Meinertzhagen, afisa wa jeshi, akamuua papo hapo. Mabaraza 3 ya uchunguzi hayakumtia hatiani, alihamishwa tu. Bali mwaka 1934 ukoo wa Koitalel, Watalai, uliondoshwa Kericho kwa sheria ukapelekwa Gwassi. Basi ndugu zetu, tuzingatie: mwenye silaha akihukumiwa na wenziwe, aliyedhulumiwa ndiye aadhibiwaye.