Masinde: walimwita kichaa, hakunyamaza

Wadau, mwaka jana nilisimama kwenye mkutano wa mtaa hapa Mafiga kuuliza habari ya maji. Jamaa mmoja akadakia kwamba huyo mwacheni, anakunywa dawa za akili. Ni kweli nakunywa. Watu wakacheka, suala la maji likaishia hapo.

Ndo nikamkumbuka Elijah Masinde wa Kimilili, Kenya. Huyu bwana kwanza alikuwa mwanasoka, mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda kombe la Gossage (wangapi mnalijua hilo?). Baadaye akaongoza Dini ya Msambwa, akawahimiza Wabukusu wenzake wagomee amri za mkoloni, Wazungu warudi kwao. Serikali ikafanyaje? Mwaka 1945 ikamtupa Mathari, hospitali ya vichaa Nairobi. Ukishaitwa mwendawazimu, nani atakusikiliza? Kuumwa au kutoumwa mi naona si hoja, hoja ni ardhi aliyokuwa anaidai.

Alitoka 1947, akaendelea palepale alipoishia. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake pale Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, mwenyewe akapelekwa Lamu, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Hata uhuru ulipokuja, serikali ya Kenyatta ilimfunga tena. Alifariki 1987.

Sasa wadau, Katiba yetu ibara ya 5 inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mwenye ugonjwa wa akili asipige kura. Kuuliza maji haijakatazwa. Mkutano ujao nasimama tena.