Sayajirao wa Baroda: mfalme aliyeanza masomo na miaka 12

Mwaka 1875, Waingereza walimutosha kwenye kiti mfalme wa Baroda, magharibi mwa India. Jamnabai, mjane wa mfalme aliyetangulia, akatafuta mrithi kwenye ukoo. Aliyechaguliwa ni Gopalrao, mtoto wa mkulima wa kijiji cha Kavlana. Alikuwa na miaka 12 na hakujua kusoma wala kuandika. Wakamupatia jina la Sayajirao, wakamuwekea walimu.

Alikamata utawala mwenyewe mwaka 1881, na hakusahau pale alitokea. Mwaka 1893 alianzia eneo la Amreli: kila mtoto, kijana ao binti, lazima asome, tena bure. Mwaka 1906 sheria ile ikafika Baroda yote. Mzazi aliyebakisha mtoto nyumbani alilipa faini. Juu ya watu wakubwa, maktaba zilifunguliwa mpaka vijijini.

Mwaka 1913, alimulipia Bhimrao Ambedkar masomo huko New York. Ambedkar alitoka kwa wale watu waliozarauliwa, walioitwa wasioguswa. Kisha uhuru, ni yeye njo aliongoza kamati ya kuandika katiba ya India. Sayajirao hakuiona ile siku: alifariki mwaka 1939.